Fedha Zisizo na Mwenyewe

Sisi watu wa pwani tunalijua neno wakfu. Mtu ana shamba lake la minazi, na kabla hajafa analiweka wakfu. Tangu siku hiyo shamba haliuzwi, halirithiwi wala halitolewi zawadi. Mazao yake huenda msikitini, au kwa mayatima, au kwa wale aliowataja mwenyewe. Huko Italia ziko taasisi zaidi ya 80 zinazotoa fedha kwa ajili ya elimu, hospitali, makumbusho na watu wasiojiweza, na asili yao ni mabenki. Nimetafuta jina la kuziita kwa Kiswahili, sikupata lililo bora kuliko hilo la wakfu. Ila kuna tofauti moja, nayo ndiyo iliyonivuta kuandika. Wakfu wetu una mwenyewe aliyeutoa, anajulikana kwa jina na ukoo. Kule mali iliota bila mwenyewe.

Nichukue mfano wa Milan, kwa kuwa ndio mkubwa kuliko yote.

Mwaka 1815 mlima Tambora, huko Indonesia, ulilipuka, na moshi wake ukapunguza joto la jua dunia nzima. Mwaka uliofuata Ulaya haikupata kiangazi; nafaka zikaoza mashambani. Lombardia, jimbo la Milan, ilikuwa imetoka tu katika vita vya Napoleon na kuingia chini ya Austria. Njaa ikabisha hodi. Serikali ikaunda kamati mwaka 1816 ya kuwasaidia maskini, ikaitwa Commissione Centrale di Beneficenza, yaani Kamati Kuu ya Hisani. Njaa ilipopita, kamati ilibaki na fedha mkononi. Basi mwaka 1823 ikafungua benki ya akiba, na zile fedha zilizosalia zikawa dhamana ya watakaoweka amana. Kwa Kitaliano benki ya namna hiyo huitwa cassa di risparmio, maana yake ni kasha la akiba tu. Fikira yenyewe ilikuwa nyepesi: mtumishi wa nyumbani au fundi akiwa na senti zake pembeni, njaa nyingine haitamkuta mikono mitupu.

Sasa, ndugu msomaji, tazama jinsi benki hiyo ilivyoundwa. Haikuwa na wenye hisa. Aliyeweka fedha alipata riba yake, akitaka alichukua fedha zake, basi. Mkopaji naye alilipa riba iliyozidi ile kidogo. Ile tofauti ya katikati ilikuwa ya nani? Si ya mwekaji, maana amekwisha kulipwa. Si ya kamati, maana wanakamati hawakutia mtaji wao. Sehemu iliwekwa kama akiba ya benki yenyewe, na sehemu ikatolewa sadaka. Mwaka baada ya mwaka ile akiba ikanenepa. Benki ikaenea miji yote ya Lombardia, ikakopesha wenye mashamba kwa rehani, ikawa benki ya akiba kubwa kuliko zote za Italia. Watu waliiita Cariplo. Na bado haikuwa ya mtu.

Mali isiyo na mwenyewe haikosi wa kuinyemelea. Sheria ya mwaka 1888 iliziwekea benki hizi utaratibu. Serikali ya Mafashisti, mwaka 1927, ikazilazimisha zile ndogo kuungana. Baada ya vita kuu ya pili vyama vya siasa vikawa vinagawana vyeo vya uenyekiti wa benki hizo kama watu wanaogawana nyama ya arusi. Hapo ndipo ninapowaona Waitalia ni ndugu zetu kabisa.

Mwaka 1990 ikatoka sheria iitwayo kwa jina la Giuliano Amato. Ilikuwa na ujanja wake. Kila benki ya akiba ikatwe vipande viwili: shughuli za benki ziingizwe katika kampuni mpya ya hisa, na ile taasisi kongwe ibaki kuwa mwenye hisa hizo, kazi yake iwe hisani. Watu husema benki ilizaa wakfu. Kwa kweli ni kinyume chake: iliyozaliwa upya ni benki, na wakfu ndiye yule bibi wa 1823 aliyevuliwa kazi ya dukani. Wakfu wa Cariplo ulianza hivyo mwaka 1991. Mwaka 1998 benki yake iliunganishwa na Banco Ambrosiano Veneto ikawa Banca Intesa, na mwaka huohuo sheria ya Ciampi ikazitaka taasisi zote hizi ziachilie mamlaka juu ya mabenki. Milan ilikubali kubaki na hisa chache katika benki kubwa.

Siena haikukubali. Benki ya huko, Monte dei Paschi, ni ya mwaka 1472, na hilo neno paschi ni malisho: mwaka 1624 mtawala wa Toscana aliweka mapato ya malisho ya Maremma kuwa dhamana yake. Wakfu wake, uliozaliwa 1995, uling'ang'ania zaidi ya nusu ya hisa, kwani mji uliona kuachia benki ni kuuza ukoo. Novemba 2007 benki hiyo ikatangaza kununua benki nyingine, Antonveneta, kwa euro bilioni 9, wakati muuzaji alikuwa ameipata punde tu kwa bilioni 6.6. Wakfu ulitoa fedha zake kulinda nafasi, na mwaka 2011 ukakopa ili uilinde tena. Kufikia 2014 ulikuwa umebakiwa na hisa asilimia 2.5. Mwaka 2017 serikali ikaiokoa benki kwa kuchukua kiasi cha asilimia 68. Mimi siwacheki watu wa Siena. Ni nani asiyekopa kunusuru nyumba ya babu yake? Lakini mazao ya shamba lile yalikuwa ya mayatima wa Siena, nao hawakuulizwa.

Mwaka 2008, ndio mwaka Antonveneta ilipolipiwa, wakfu wa Milan na wa Siena, pamoja na wa Torino na wa Parma, walichanga kusaidia kaskazini mwa Uganda, watu waliokuwa wakirudi vijijini kutoka makambi ya vita. Senti za watumishi wa Lombardia zilifika mbali.

Suala la mwenyewe lilifika mahakamani. Mwaka 2001 serikali ilipitisha sheria ya kuwapa wateule wa serikali za mitaa wingi wa viti katika mabaraza ya wakfu hizo. Aliyeongoza upinzani alikuwa Giuseppe Guzzetti, mwenyekiti wa wakfu wa Cariplo, ambaye naye, tusisahau, alikuwa mwanasiasa aliyepata kuwa rais wa jimbo la Lombardia. Mwaka 2003 Mahakama ya Katiba ilitamka kwamba taasisi hizo si za serikali. Ni za jamii inayojipanga kwa hiari yake. Guzzetti alikaa kitini hadi 2019. Baraza la wakfu wake bado linaitwa Commissione Centrale di Beneficenza, jina lilelile la mwaka wa njaa.