Jicho vivu

Jicho vivu (kitaalamu ambliopia) ni hali ya jicho moja kuona hafifu hata likivishwa miwani sahihi, na daktari akilichunguza haoni kasoro ya kueleza uhafifu huo. Jina linalisingizia jicho. Penye tatizo ni ubongo: utotoni ulipokea picha mbili zisizolingana, ukashika iliyo safi, ukaipuuza nyingine hadi ikawa mazoea. Kisa huwa makengeza, miwani ya jicho moja kuhitaji nguvu nyingi kuliko ya pili, au mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao. David Hubel na Torsten Wiesel waliligundua hilo kwa paka wachanga waliozibwa jicho moja. Mwaka 1981 walipata Tuzo ya Nobel.

Mjini Thika, Kenya, habari za macho humkumbusha mtu shule ya wasioona iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Mwenye jicho vivu hafiki huko. Yuko darasa la kawaida. Anasoma ubaoni kwa jicho lake zima, na mwalimu hana sababu ya kumshuku.

Tiba huanza na miwani, ambayo peke yake huwaponya baadhi ya watoto. Isipotosha, jicho zima huzibwa kwa bandiko ili ubongo ulazimike kulitumia lile dhaifu. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba, kwa tatizo la wastani, saa mbili kwa siku zinafaa sawa na sita. Nafuu kubwa, hasa kwa mtoto anayetaniwa na wenzake!

Siku hizi kuna michezo ya kompyuta inayoyafundisha macho mawili kushirikiana. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha Luminopia, kifaa cha kutazamia katuni ambacho hufifisha picha ya jicho zima, kwa watoto wa miaka 4 hadi 7. Watu wazima nao wamewahi kupata nafuu kwa mazoezi, ila matokeo yanapishana: mchezo mmoja uliojaribiwa kwa wakubwa na wadogo haukuushinda mchezo bandia. Asiye na kifaa hajakosa kitu kikubwa; bandiko bado linatosha.

Mzazi, mzibe mwanao jicho moja, kisha jingine. Akilia au kusukuma mkono upande mmoja tu, mpeleke kliniki ya macho kabla hajafika miaka saba.