Meli Inalala Wapi?

Hapa kijijini kwetu Kabungu, mkoani Katavi, mtu anayeuliza habari za basi haanzi na nauli. Anauliza linalala wapi. Basi linalolala kijijini mnalijua kama mnavyoijua nyumba ya jirani. Dereva amepanga chumba, kondakta ana mahali anapokula kwa mkopo, fundi anajua tairi lipi limechoka, na mama mwenye gunia la mpunga analipakia tangu jioni bila kukimbizana na mtu. Basi la kupita ni jambo jingine. Linafika limejaa, linapiga honi, linaondoka. Aliyewahi kapata, aliyechelewa kabaki na mzigo wake kando ya barabara. Wauza mayai na karanga wanakimbilia madirishani, na biashara yote inakwisha kabla vumbi halijatua.

Swali hilo la basi ndilo ninalolitumia kila ninaposoma habari za bandari. Nimelitumia kwa bandari ya Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, iliyo hapa hapa Wilaya ya Tanganyika, na nimelitumia kwa nchi ya mbali ambayo imehangaika nalo kwa miaka mingi, Mexico.

Mexico ina pwani mbili na meli za kitalii hazikosekani kwenye maji yake. Kisiwa cha Cozumel, upande wa Karibi, hupokea mamilioni ya abiria wa meli hizo kila mwaka, na ni bandari chache duniani zinazokizidi. Lakini ukiuliza meli hizo zinalala wapi, jibu si Cozumel. Zinalala Miami, zinalala Galveston, zile za upande wa Pasifiki zinalala Los Angeles na San Diego. Huko ndiko abiria wanakoshuka kwenye ndege, wanakolala hoteli usiku wa kuamkia safari, wanakoacha magari yao kwa kulipia. Huko ndiko meli inakopakia nyama, mboga, maji na mafuta ya wiki nzima. Cozumel inaipata asubuhi na kuiaga jioni. Abiria anashuka akiwa ameshiba kifungua kinywa, anarudi kabla ya chakula cha usiku, na hapo katikati ananunua kofia.

Ensenada, karibu na mpaka wa Marekani, inalionyesha jambo hili waziwazi zaidi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inazikataza meli za nje kusafirisha abiria kutoka bandari moja ya Marekani hadi nyingine. Kwa hiyo meli yenye bendera ya kigeni inayotoka San Diego kwenda Hawaii na kurudi inalazimika kugusa nchi nyingine njiani, na Ensenada iko karibu. Mji mzima unatembelewa ili sharti litimie. Hilo ni basi la kupita linalosimama kwa sababu kuna kizuizi barabarani.

Ndiyo maana wazo la kuwa na bandari za nyumbani, mahali safari inapoanzia na kuishia, limerudi mara kwa mara katika nchi hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na mpango wa kujenga bandari ya namna hiyo karibu na Xcaret, bara, ng'ambo ya Cozumel. Wapinzani wake walikuwa watu wa aina mbili ambao si kawaida kukaa upande mmoja. Kulikuwa na walioihofia miamba ya matumbawe, na kulikuwa na wafanyabiashara wa Cozumel walioona meli zao zinahamia ng'ambo. Haikujengwa. Siwalaumu wale wa Cozumel. Aliyezoea basi la kupita, hata liwe na makosa gani, huogopa siku litakapobadilishiwa njia.

Na uwezo wa kubadilisha njia ndio nguvu kubwa ya anayepita. Sheria ya Mexico iliwahesabu abiria wa meli kuwa wapita njia, kwa kuwa wanalala melini, na kwa hesabu hiyo hawakutozwa ada wanayolipa wageni wengine. Mwishoni mwa 2024 bunge lilipitisha ada ya dola 42 kwa kila kichwa. Kampuni za meli zikalalamika. Baada ya mazungumzo ada ikashushwa hadi dola 5 kuanzia Julai 2025, ipande kidogo kidogo miaka inayofuata. Kutoka 42 hadi 5. Mwenye meli ana bandari nyingine kumi za kwenda. Mwenye gati ana gati moja tu.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna kipimo cha zamani cha kulipimia jambo hili, nacho ni jahazi.

Majahazi ya Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi yalishuka pwani yetu na upepo wa kaskazi, kuanzia Desemba, na kurudi makwao na kusi. Katikati ya pepo hizo mbili hapakuwa na mahali pa kwenda. Nahodha hata angekuwa na haraka kiasi gani, upepo haukumtii. Kwa hiyo mabaharia walikaa Zanzibar, Mombasa, Lamu, wiki baada ya wiki, wakikarabati tanga, wakipaka chombo mafuta ya papa, wakiuza tende, chumvi na mazulia, wakinunua boriti za mikoko. Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri na jahazi la Kuwait katika msimu wa 1938 na 1939 na kuandika kitabu juu ya safari hiyo. Sehemu kubwa ya habari zake ni za kukaa: Zanzibar kwa muda mrefu, kisha delta ya Rufiji katika matope na mbu kutafuta boriti. Mtu wa leo anayesoma anaweza kuona ni kupoteza wakati. Mimi naona ndimo pwani ilimozaliwa.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, nasi tunalisema neno hilo kama mzaha juu ya mgeni aliyezidisha. Kwa baharia wa msimu lilikuwa kweli kabisa. Aliyekaa miezi mitatu hawezi kubaki mgeni. Atakopa na kukopesha, atasali msikiti mmoja na wenyeji, atajua bei halisi ya mchele, na wengi walioa. Mwaka unaofuata chombo kikirudi hakikuja kwa wageni. Kilikuja kwa mashemeji. Hakuna aliyejenga bandari ya nyumbani kwa mkataba. Upepo uliwalaza watu, na kulala kukazaa udugu, pamoja na mambo mengine yasiyo ya kujivunia, kwa maana majahazi yale yale katika karne zilizotangulia yalibeba watumwa, na waliobebwa hawakuulizwa wanalala wapi. Siwezi kusifu bandari za jahazi na kuliacha hilo.

Meli ya kitalii imelipindua jahazi juu chini. Haihitaji upepo, na inabeba nyumba yake mgongoni: vitanda, jiko, duka, ukumbi. Nyuma yake pameandikwa Nassau au jina la mji mwingine ulioipa bendera, ambao huenda meli haiendi hata mara moja kwa mwaka. Ndiyo maana Zanzibar, iliyowalaza mabaharia wa nusu ya dunia kwa karne nyingi, leo inapokea meli kubwa kwa saa chache. Wageni wanazunguka Mji Mkongwe, wanapiga picha milango, na jioni taa zimehamia baharini. Mombasa nayo imejenga jengo zuri la kuwapokea abiria hao. Jengo ni jema, ila jengo halimlazi mtu.

Nirudi ziwani kwetu, maana huku kuna ushahidi ambao sijauona ukitajwa. Papenburg, kaskazini mwa Ujerumani, kuna kiwanda cha meli kiitwacho Meyer Werft, kilichoanzishwa 1795. Leo ni mojawapo ya viwanda maarufu duniani kwa meli za kitalii. Meli ya Ovation of the Seas, yenye urefu wa mita 348, ilitoka huko mwaka 2016. Mwaka 1913 kiwanda hicho hicho kiliunda meli ndogo ya mita zipatazo 70, kikaifumua vipande vipande, kikaifunga kwenye makasha. Makasha yakaja Dar es Salaam kwa bahari, yakapanda reli hadi Kigoma, meli ikaunganishwa upya na kushushwa ziwani 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani walipokuwa wanakimbia waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi, mashine zikiwa zimepakwa grisi kwa matumaini ya kurudi. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina tunalolijua sote, Liemba.

Kwa hiyo meli ya wageni wanaoota jua Karibi na meli ya dagaa, mahindi na wakimbizi wa Ziwa Tanganyika ni ndugu wa tumbo moja. Na Liemba kwa karibu karne nzima ililala Kigoma. Iliondoka Jumatano jioni, ikashuka kusini ikigusa vijiji, ikafika Mpulungu, Zambia, Ijumaa. Karema ilikuwa njiani. Watu wetu waliisubiri usiku, mara nyingi bila kujua saa, na ilipopiga honi walitoka kwa mitumbwi na boti, maana sehemu nyingi hapakuwa na gati. Magunia yakapandishwa kwa kamba, watoto wakarushwa kutoka mkono hadi mkono, wauza ndizi wakapiga kelele kuelekea juu. Kule Cabo San Lucas, Mexico, hakuna gati la meli kubwa hadi leo, na abiria wa kitalii hushushwa kwa boti ndogo vivyo hivyo. Wao huvishwa maboya na kupewa mkono. Lakini kwa mji unaotazama kutoka ufukweni, jambo ni moja: meli imesimama mbali na injini hazijazimwa.

Kwa nini ililala Kigoma na si Karema? Karema ilikuwa na umri. Wabelgiji walijenga kituo chao hapo 1879, wakawaachia Mapadri Weupe 1885, na hapo ndipo Adrian Atiman, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto kutoka nchi ambayo leo ni Mali na kusomea uganga Malta, aliwatibu watu tangu mwishoni mwa miaka ya 1880 hadi alipofariki 1956. Mahali pa namna hiyo palistahili meli. Tatizo la kwanza lilikuwa maji yenyewe. Ziwa lilikuwa limejaa hadi kilele miaka ile, kisha mto Lukuga ukafunguka upande wa Kongo na maji yakashuka kwa mita nyingi. Ngome iliyojengwa karibu na ziwa ikajikuta mbali nalo. Tatizo la pili, lililo zito zaidi, ni reli. Reli ya Kati ilifika Kigoma 1914. Ng'ambo, Wabelgiji wakaifikisha yao Kalemie 1915. Reli ya kwetu ilikuja Mpanda karibu na 1950, ikifuata risasi ya machimbo, na ilipoyafikia machimbo ikasimama. Zaidi ya kilomita mia moja zilizobaki hadi ziwani hakuna aliyezihitaji, isipokuwa sisi.

Meli hulala pale reli inapokomea. Ndilo ninaloliona nikiilinganisha Kigoma na Miami, ingawa moja ina mabehewa ya mizigo na nyingine ina ndege. Bandari hailazi meli kwa uzuri wa gati. Inailaza kwa vitu vilivyo nyuma ya gati: njia, ghala, karakana, umeme usiokatika, hospitali, shule ya watoto wa mabaharia. Wamexico walioota bandari za nyumbani walikuwa na faida moja kubwa kuliko sisi: Cancún kuna uwanja wa ndege unaoleta wageni wengi kila siku. Na bado ni vigumu.

Gati la Karema lilikamilika 2022, kwa fedha za serikali zipatazo shilingi bilioni 47, likitazama Moba na Kalemie za ng'ambo, Kongo. Nililishangilia na sijaacha kulishangilia. Lakini ninapowasikia viongozi wakihesabu meli zitakazofika, natamani wahesabu zitakazolala. Mahindi na mpunga wa Kabungu vikifika Karema na kukuta chombo cha kupita, bei ataipanga mwenye chombo, kwa kuwa yeye ndiye mwenye haraka ya kuondoka na mkulima ndiye mwenye hofu ya kubaki na magunia. Kikiwapo chombo kinacholala, mkulima anaweza kusema kesho. Uwezo wa kusema kesho una thamani ambayo mkulima yeyote wa Katavi anaijua bila kuelezwa. Reli kutoka Mpanda hadi Karema imo katika mipango. Nami naiona hiyo ndiyo bandari hasa, na gati ni mlango wake.

Mara ya mwisho nilipofika Karema, upepo wa kusini ulikuwa umeanza tangu mchana na ziwa limechafuka. Boti ya mbao iliyokuja na mafuta ya mawese kutoka ng'ambo ilikuwa imefungwa kamba. Nilimwuliza kijana aliyekuwa akikunja turubai wanaondoka saa ngapi. Akatazama mawimbi, akatazama anga, akasema leo wanalala. Mama lishe aliyekuwa karibu alimsikia. Hakusema kitu, alifunua sufuria, akaongeza maji na mikono mitatu ya unga, akaanza kusonga upya.