Ada ya mwaka mmoja isikudanganye: pima kozi ya chuo kikuu hivi kabla ya kuomba

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, magrupu ya WhatsApp yanajaa swali moja: "Nina pointi hizi, nisome nini?" Pointi zina kazi yake. Kwa kozi nyingi, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) inataka angalau masomo mawili yenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5 na E ni 1. Lakini pointi zinakuambia unaingia wapi, hazikuambii mshahara wa kwanza utaushika lini.

Anza na miaka. Chukua mfano wa kozi mbili: moja ada yake ni 1,300,000 kwa mwaka na inasomwa miaka mitano, nyingine ni 1,700,000 kwa miaka mitatu. Ya kwanza inaonekana rahisi. Sasa ongeza chumba, msosi na nauli, tuseme 2,500,000 kwa mwaka. Ya kwanza inafika milioni 19, ya pili milioni 12.6. Hapo fildi na kompyuta bado.

Halafu uliza: baada ya shahada kuna nini tena? Udaktari wa binadamu ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini ndipo usajiliwe kamili. Mhasibu anayetaka kupanda atakutana na mitihani ya CPA ya bodi ya NBAA. Kwenye sheria ndiko wengi hushtuka: LLB peke yake haikufanyi wakili, lazima upite Shule ya Sheria. Mwaka 2022 matokeo ya shule hiyo yalizua mjadala nchi nzima: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Serikali ikaunda kamati kuchunguza. Hiyo haina maana sheria isisomwe, ila bajeti ya nyumbani isiishie siku ya joho.

Kuhusu ajira, acha kusikiliza stori za mtaani. Ingia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, soma matangazo hata kama huombi kazi, uone shahada zinazotajwa kwa jina. Kuna kozi zina majina matamu ambayo kwenye tangazo huyaoni kabisa, na mwombaji hubaki akieleza kuwa yake "inafanana". Ualimu ni mfano mzuri: Historia na Kiswahili, au Fizikia na Hisabati, yote ni miaka mitatu na gharama hazipishani sana. Ila uhaba wa walimu wa sayansi na hisabati ni wa miaka mingi.

Mkopo nao si zawadi. Bumu linaingia, geto linalipwa, maisha yanasonga, lakini Bodi ya Mikopo (HESLB) inakata asilimia 15 ya mshahara ukiajiriwa. Mwenye mshahara wa 800,000 anakatwa 120,000 kila mwezi, kabla hajatuma chochote kwa mama. Pia wengine hupewa sehemu tu ya ada, kwa hiyo familia ijue nani atajazia. Kama hesabu inagoma, stashahada isidharauliwe: tangu 2023/24 HESLB inakopesha pia wanafunzi wa ngazi hiyo kwenye fani za kipaumbele.

Maombi ya chuo na ya mkopo ni vitu viwili tofauti, kupata kimoja hakukupi kingine. Cheti cha kuzaliwa kinahitaji kuhakikiwa na RITA (Zanzibar ni ZCSRA), na wengi hukwama hapo dirisha likikaribia kufungwa. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, unathibitisha kimoja tu kwa namba maalumu ya siri, kwa hiyo hesabu zote hizo zifanyike kabla hujaituma.