Amri Moja, Maswali Yaleyale
Mradi uliozaliwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ulipopewa jina la PostgreSQL mwaka 1996, kusimika seva ya kanzidata kulianzia kwenye msimbo wenyewe: unaandika make, kisha make install, halafu initdb ya kutengeneza saraka ya data. Na initdb hukataa katakata kuendeshwa na akaunti kuu ya root. Sharti ufungue akaunti ya pembeni isiyo na madaraka mengine. Wengi wanauona huu usumbufu. Mimi nauona ulinzi, kwa kuwa swali la nani mwenye data linajibiwa kabla data haijakuwapo.

Vifurushi vya Debian na wenzake vikaigeuza kazi hiyo yote kuwa amri moja ya apt. Maswali hayakwisha, alianza kuyajibu mtengeneza kifurushi. Atasema mtu kwamba zamani hakukuwa na usalama zaidi: kanzidata ya MySQL kwa miaka mingi ilikuja na akaunti yake ya root isiyo na nywila, hadi toleo la 5.7 la mwaka 2015 lilipoanza kubuni nywila ya muda na kuiandika kwenye faili la kumbukumbu. Ni kweli, na ndiyo hoja yenyewe: kinacholinda si jasho la msimikaji, ni mipangilio anayoikuta. Januari 2017 wahalifu walifuta maelfu ya kanzidata za MongoDB zilizoachwa wazi kwenye intaneti bila nywila, wakadai fidia. Toleo la 3.6, lililotoka mwishoni mwa mwaka huohuo, husikiliza kompyuta yake tu mpaka mwenyewe aamue vinginevyo.