Kamera Iliyorudishwa Pwani: Picha za Ridhaa na Urithi wa Kagera

Tetemeko la ardhi lililoukumba Mkoa wa Kagera alasiri ya tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9 na lililoua watu wasiopungua 17, liliangusha pia sehemu ya historia ya mkoa huo, kwa kuwa majengo ya shule kongwe za Ihungo na Nyakato yaliharibika kiasi cha kulazimu zijengwe upya. Majengo mapya ni jambo la kushukuru. Lakini anayetaka kujua kuta za zamani zilikuwaje hana budi kuzitafuta katika albamu za waliosoma na kufundisha humo, yaani katika kazi ya wapiga picha wa ridhaa, watu wanaopiga picha kwa mapenzi yao bila kuajiriwa wala kulipwa. Sehemu kubwa ya kumbukumbu za majengo, sanamu na magari ya kale ya Afrika Mashariki imehifadhiwa na watu wa namna hiyo, ambao walipeana nakala kwa barua na kwa mkono, na huko Kagera historia yao inaanza na nafasi iliyopotea.

Mwaka 1860 James Augustus Grant, ofisa wa jeshi aliyefuatana na John Hanning Speke kutafuta chanzo cha mto Naili, alipiga Unguja picha ambazo huhesabiwa miongoni mwa picha za mwanzo kabisa za kisiwa hicho. Upigaji picha haukuwa kazi yake, na katika siku hizo ulikuwa shughuli ngumu, kwani picha zilinaswa juu ya vioo na kusafishwa kwa dawa ndani ya hema lililozibwa mwanga, penye joto lisilovumilika. Speke, katika kitabu chake cha mwaka 1863, aliona kwamba kazi hiyo ingemuua mwenzake. Kamera ikarudishwa pwani, na Grant akaendelea na safari akiwa na penseli na rangi za maji tu.

Hasara yake ilionekana Karagwe, ufalme uliokuwa katika Kagera ya leo. Wasafiri hao walifika kwa Omukama (mfalme) Rumanyika mwishoni mwa Novemba 1861, na Speke alipoondoka kwenda Buganda Januari iliyofuata, Grant alibaki nyuma kwa sababu ya kidonda kikubwa cha mguu, akakaa hadi Aprili 1862. Kwa zaidi ya miezi minne, mtu aliyejua kupiga picha aliishi jirani na mojawapo ya hazina kubwa za sanaa ya chuma katika Afrika ya maziwa makuu, asiwe na chombo cha kuipigia picha. Hazina hiyo ilikuwa na mikuki, ngoma za kifalme na ng'ombe wadogo wa chuma wenye pembe ndefu zilizopinda, mfano wa ng'ombe wa Ankole. Henry Morton Stanley, aliyefika mwaka 1876, alieleza habari za nyumba ya msonge iliyojaa vitu hivyo, wakiwemo bata wa shaba nyeupe wenye mabawa ya shaba nyekundu.

Hapo ndipo ulipozuka ubishi ambao picha moja ingeupunguza. Speke aliandika kwamba ng'ombe wale walitengenezwa na Waarabu wa Kafuro, kituo cha biashara jirani na ikulu, ili kumfurahisha mfalme. Hamo Sassoon, mtaalamu wa mambo ya kale aliyechapisha makala juu ya alama za ufalme katika jarida la Azania mwaka 1983, alivitazama vyuma hivyo kwa namna nyingine kabisa, akavihusisha na wafalme, mifugo na wahunzi wa maziwa makuu. Uzito wa hoja uko upande wake, kwa sababu uchimbaji wa kitaalamu umeonyesha kwamba chuma kiliyeyushwa Buhaya, nchi ya Wahaya jirani na Karagwe, kwa takriban miaka 2,000, na ni dhuluma kwa wahunzi hao kazi yao kupewa wafanyabiashara waliokuja juzi. Leo baadhi ya vitu hivyo viko katika makumbusho ya Ujerumani, na Grant hakuacha picha inayoonyesha jinsi vilivyopangwa katika nyumba ya Rumanyika.

Kodak ilipotoa kamera ya filamu mwaka 1888, na ile ya bei nafuu iitwayo Brownie mwaka 1900, wamisionari na maofisa waliweza kupiga picha bila hema la giza. Boma la Biharamulo, ngome ya utawala iliyojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20 na baadaye ikageuzwa nyumba ya wageni, ni la zama hizo. Magari yalifuata: mbio za Safari zilianza mwaka 1953, na Peugeot 404 ambayo Bert Shankland wa Tanzania alishindia mwaka 1966 na 1967 ni ya aina ambayo wapenzi wa magari ya kale bado huitafuta kwa kamera.

Wilaya ya Ngara, nayo ya mkoani Kagera, ilipigwa picha na dunia nzima mwishoni mwa Aprili 1994, pale wakimbizi wapatao 250,000 wa Rwanda walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24. Waandishi wa habari waliokuja walikuwa na kazi yao. Lakini tangu hapo wilaya hiyo inajulikana kwa picha za siku chache za msiba wa jirani, huku makanisa yake, shule zake na nyumba zake za kale zikisahauliwa.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863 tu, hivyo boma la Biharamulo na makanisa ya misheni hayamo mpaka waziri ayatangaze. Kwa hiyo mwenye simu Kibimba, Rulenge au Biharamulo na apige picha ya jengo la kale analopita kila siku, aandike jina la mahali, tarehe na jina la fundi kama wazee wanalikumbuka, kisha nakala moja aipeleke kwa ofisa utamaduni wa wilaya kabla jengo halijabomolewa.