Marinaleda: komine iliyotafuta ardhi nje ya mipaka yake

Leo twende Uhispania, ku Marinaleda, kama kilometa 100 mashariki ya muji wa Sevilla. Ni komine ndogo: karibu kilometa mraba 25, watu hawafike 3,000, vijiji viwili tu, Marinaleda yenyewe na Matarredonda. Kwa utawala haina ajabu. Wananchi wanachagua washauri 11 na hao wanachagua meya, sawa na komine yoyote ya Uhispania yenye watu 2,001 mpaka 5,000.

Ajabu iko ku ardhi. Franco alipokufa 1975, wengi pale walikuwa vibarua wasio na shamba: wanaitwa wakati wa mavuno ya zeituni, kiisha wanakaa miezi bila kazi. Tarehe 3 Aprili 1979 kukawa uchaguzi wa kwanza wa makomine tangu Franco afe, na Juan Manuel Sánchez Gordillo, mtu wa sendika ya vibarua, akakuwa meya. Mwezi wa nane 1980, watu kama 700 wakagoma kula siku 9 wakidai kazi.

Lakini meya hana uwezo wa kumnyanganya mtu shamba. Uwezo huo ulikuwa ku serikali ya jimbo la Andalusia, ambayo 1984 ilipitisha sheria ya mageuzi ya ardhi ya kilimo. Tena shamba walilotaka, El Humoso la Duke wa Infantado, halikuwa hata ndani ya komine yao: liko upande wa Écija. Basi wakaingia mule kwa miguu, wakafukuzwa, wakarudi, miaka na miaka. 1984 walikalia pia bwawa la Cordobilla wakidai maji, juu shamba kavu haliajiri watu wengi. Mwaka 1991 serikali ya Andalusia ikachukua hekta 1,200 na kuwapa wazilime.

Hapa njo mimi agronome ninaposimama. Mbele yao kulikuwa ngano na alizeti, mazao ya mashine: trakta moja, dereva mumoja, kazi imekwisha. Koperative ikapanda pilipili tamu, artisho, maharagi mabichi, mizeituni, vitu vyenye kusumbua mikono, kiisha ikajenga fabrike ya kuvifunga mu mikebe ili kazi ipatikane hata nje ya shamba. Ku fakulte tulizoea kuuliza: hekta moja inatoa tani ngapi? Wao waliuliza inatoa siku ngapi za kazi. Kwangu swali hilo ni agronomia kabisa, hata kama halimo mu masomo yetu.

Sisemi ni paradizo. Mtu mumoja kukaa meya miaka 44, mpaka 2023, mimi hainipendeze. Wapinzani wanasema pia makuta mengi yalitoka juu, na kwa nyumba ni kweli: wakaaji walijijengea, lakini vifaa vililipwa na serikali ya Andalusia. Na hati ya El Humoso haikuandikwa kwa jina la koperative ao la komine. Wao walipewa kulima. Mwenye ardhi akabaki serikali.