Habari za Chaza wa Mtoni na Samaki Amleaye

Katika mito na maziwa ya nchi nyingi hukaa chaza wa maji matamu, mnyama mpole afichaye mwili wake kati ya makaka mawili magumu. Ana mguu mmoja tu wa nyama, nao humsogeza kidogo kidogo mchangani. Je, watoto wake huenezwaje mto mzima, hata kuupanda kinyume cha maji? Jawabu lilifichika miaka mingi, na kabla ya kupatikana, mtoto alisingiziwa kuwa adui wa mama yake.

Mwaka 1695 Mholanzi Antoni van Leeuwenhoek, fundi wa vioo vya kukuzia vitu vidogo, alimchunguza chaza, akaona ndani yake vijinyama vidogo mno vyenye makaka mawili. Alitambua kwamba ndio watoto. Lakini mwaka 1797 mtaalamu Rathke alisema sivyo. Hao ni wageni waliomwingia chaza kumnyonya, kama kupe na ng'ombe. Mwaka 1832 Mjerumani Carus alionyesha kwamba ni watoto kweli. Kisha mwaka 1866 Mjerumani mwingine, Leydig, akawakuta wamejishikiza katika mapezi ya samaki. Fumbo likafumbuka: kunyonya kupo, lakini anyonywaye si mama, ni samaki!

Mambo yenyewe ni haya. Mama huwatoa watoto wake kwa maelfu. Samaki apitapo, mtoto hulibana pezi lake au mashavu yake, na ngozi ya samaki humfunika. Hukaa humo majuma kadhaa akigeuka umbo, kisha huanguka chini na kuanza maisha yake. Asiyempata samaki wa namna impasayo hufa.

Elimu hii ilikuwa ya wataalamu tu, mpaka riziki za watu zilipoihitaji. Mwaka 1891 John Boepple, fundi kutoka Ujerumani, alifungua kiwanda mjini Muscatine, kando ya mto Mississippi huko Marekani, akikata vifungo vya nguo katika makaka ya chaza. Viwanda vikazidi, maelfu ya watu wakapata kazi, na chaza wakaopolewa bila kiasi hata wakaanza kuadimika. Mwaka 1908 serikali iliagiza kituo cha elimu kijengwe Fairport, karibu na mji huo. Huko samaki walitiwa mabirikani pamoja na watoto wa chaza, kisha wakarudishwa mtoni wakiwa wamebeba mzigo wao.

Lakini mwaka 1913 bwawa kubwa lilimalizika kujengwa Keokuk, chini zaidi katika mto ule ule. Samaki mmoja wa ukoo wa heringi, aliyezoea kuupanda mto, akazuiliwa na ukuta. Chaza mwenye kaka jeusi, aliyependwa sana na wenye viwanda, alimtegemea samaki huyo kuwalea watoto wake. Juu ya bwawa wazee wakabaki, watoto wasionekane tena. Baadaye vifungo vya plastiki vilivimaliza viwanda vyenyewe, wala chaza yule hakurudi kwa wingi wake wa kale.

Basi, ndugu zangu, kidole kimoja hakivunji chawa. Atakaye kumhifadhi chaza na amwachie samaki njia yake. Kwani aifungaye njia ya samaki amekwisha kuufunga na mlango wa nyumba ya chaza.